Njoo na Umpendaye

Mpiga picha wetu wa Nyamongo hashiki kamera kabla hujamwandikia barua pepe yako daftarini. Kila Ijumaa huwatumia wachimbaji wote tangazo, anabonyeza huku amefumba macho, kisha anakimbilia mlangoni kuona kama wameshafika! Juzi alitangaza: “Njoo na umpendaye, picha ya pili bure.” Mzee mmoja wa Kemambo, aliyesomewa tangazo na mwanawe mchimbaji, akaja na ng'ombe.

“Kesho anakwenda kwenye mahari ya kijana wangu,” mzee akaeleza.

Mpiga picha akamwamkia mzee shikamoo, akampangusa ng'ombe pua kwa leso anayowafutia maharusi jasho, akafungua daftari.

“Barua pepe ya mrembo huyu?”

“Andika ya kijana,” mzee akajibu. “Aone mke wake amenigharimu nani.”