Ulimi wa Kitinda Mimba

Wenzake wa jikoni hospitalini walimwita Upawa. Alipikia wodi nzima, wagonjwa na wauguzi, na sahani zake zilirudi zimelambwa. Nyumbani nako hakutaka msaidizi. Watoto wake watatu wakisogea jikoni aliwafukuza kama kuku, akisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mumewe, fundi bomba, alikwishazoea. Kazi yake ilikuwa kungoja kuitwa mezani.

Kisha mafua mabaya yakamlaza. Homa ilipoondoka, iliondoka na ladha na harufu. Chai na maji ya kunawa vikawa kitu kimoja mdomoni. Kazini wenzake walimsetiri, wakampa kumenya viazi. Nyumbani nani amsetiri? Jioni ya kwanza alipika maharage. Familia ikala, mumewe akamaliza jagi zima la maji peke yake, na Upawa akajua chumvi imeingia mara mbili.

Siku iliyofuata alisimama kando ya sufuria ya wali, hana habari. Kitinda mimba, binti wa miaka minne, akaja kumvuta gauni.

"Mama, wali unanuka moto. Husikii?"

Hakusikia. Alizima jiko, akaketi chini, machozi yakamtoka. Mtoto akamfuta kwa kiganja chenye vumbi, akauliza kama wali umemchoma.

Basi kesho yake akawaita wote. Kifungua mimba, msichana wa sekondari, akakabidhiwa kisu na moto. Wa kati, mvulana mwenye maswali mengi kuliko hakimu, akapewa kuchambua mchele na kutwanga vitunguu saumu. Kitinda mimba akapandishwa kwenye kigoda, mbali kidogo na jiko, akapewa kijiko cha kuonjea.

Haikuwa lelemama. Kitunguu cha kwanza kilikatwa vipande vya kujengea nyumba. Mvulana alimwaga mchele, akataka kujua kama punje zilizoanguka zinahesabiwa kuwa mawe. Upawa aliuma midomo, mikono ikimwasha kuwapokonya kila kitu. Akajizuia, akaelekeza kwa maneno, na maneno yakatosha. Kitinda mimba alionja mchuzi, akakunja uso.

"Umeiva, lakini hauna raha."

Mama akamuuliza raha gani. Mtoto akafikiri, akanyoosha kidole kwenye ndimu. Ndimu ikakamuliwa. Usiku huo fundi bomba aliomba kuongezewa, na kifungua mimba akainama kuficha tabasamu lake.

Ladha ilirudi polepole baada ya miezi kadhaa, uchungu wa kahawa ukitangulia. Siku Upawa alipotangaza mezani kuwa sasa anasikia chumvi, wote walifurahi isipokuwa mmoja. Kitinda mimba aliweka kijiko chini.

"Kwa hiyo mimi hunitaki tena?"

Upawa akampakata. "Mwanangu, nilikuwa na ulimi mmoja, Mungu kanipa wa pili. Niurudishe kwa nani?"

Tangu hapo jikoni mwao watu hugongana viwiko. Fundi bomba naye alijipitisha jioni moja kuuliza kama kuna nafasi, na mvulana akamsogezea beseni la viazi. Upawa aliwatazama wakibishana juu ya maganda, akashukuru kimoyomoyo kwa kila mmoja wao, na hata yale mafua akayasamehe.