Wali wa Kiyotaka

Mdogo wangu Sawako ana damu ya kundi B, na hapa Osaka hilo ni kosa la kuzaliwa nalo. Mwenye A ni mwangalifu, mwenye O mkarimu, mwenye AB nusu kichaa. Na mwenye B? Mbinafsi, kigeugeu, mke asiyekalika naye. Wanaosema hivyo ni watu wazima na akili zao, wanalipa kodi na kufuga mbwa. Mimi ni A, na tangu chekechea nasifiwa unadhifu ambao sijawahi kuwa nao. Fungua kabati langu uone litakavyokuangukia. Ptuu!

Sawako hutengeneza vyakula vya plastiki, vile vinavyopangwa kwenye vioo vya mikahawa ili mteja achague kwa macho. Kazi yake hasa ni kamba wa kukaanga. Humpaka kila mmoja unga wa bandia, chembe kwa chembe, mpaka mpita njia adondokwe na mate. Ukipita mchana utamkuta ameinama, ukirudi jioni yuko vilevile. Eti huyo ndiye kigeugeu! Wanaume wawili walimkimbia mezani, chakula cha kwanza tu, kwa sababu ya hiyo damu. Mmoja alisingizia mafua kabla supu haijafika.

Ndipo akatokea Kiyotaka Mizuguchi, aliyekuwa akiuza rangi pale karakanani kwa Sawako. Mpole, mcheshi, anakumbuka hata siku ya kuzaliwa ya paka. Baba yetu alipofariki alisimama nasi mlangoni siku nzima kupokea watu. Alikuwepo Sawako alipomwandalia baba wali wake wa mwisho: bakuli la baba mwenyewe, wali umejazwa hadi umefanya kilima, na vijiti vyake vya kulia vimesimamishwa wima katikati. Wali wa namna hiyo hupewa maiti tu. Mtoto akivichomeka hivyo mezani kwa mchezo hula kibao kabla hajamaliza kucheka. Kiyotaka alilia mbele ya bakuli lile kunishinda mimi niliyezaliwa na marehemu.

Kwa hiyo alipomposa Sawako na kutaka kumpeleka kwa mama yake, nilifurahi. Wazazi wetu wote hawapo, basi nikaenda mimi dada mtu.

Kwenye treni bwana harusi akaanza kujikuna shingo.

"Sawako, mama akikuuliza kundi la damu, sema O."

"Kwa nini?"

"Basi tu. Mama ana mambo yake."

"Mimi siingii kwenye ndoa na damu ya kuazima," Sawako akasema. "Nitasema B. Wewe unisimamie. Akinisema vibaya, fungua mdomo. Neno moja tu linanitosha."

"Nitafungua. Haki ya nani."

"Dada, umemsikia?"

"Nimemsikia vizuri sana," nikajibu.

Bi Yasuyo, mama yake Kiyotaka, alitupokea mlangoni kwa tabasamu na viatu vya ndani vimepangwa. "Karibuni, karibuni. Baridi leo, ee? Enhe, binti, wewe damu yako kundi gani?"

Sawako alikuwa bado na kiatu kimoja mguuni. "B, mama."

"Aa," akasema Bi Yasuyo. Akamtazama mwanawe kama mtu aliyetumwa samaki akarudi na aliyeoza.

Mezani kulikuwa na chungu cha mchuzi kikichemka juu ya jiko dogo, kila mmoja atie na achote. Katika vyungu vya namna hiyo hakosekani hakimu, yule anayeamua nini kiingie, lini, na nani ale kipi. Lakini hakimu huyu, jamani!

"Kabichi bado! Vitunguu sasa! Nani kagusa uyoga? Kiyotaka, kula figili, imeiva upande wako."

Sawako akatia kipande cha tofu, jibini ya soya. Kimoja tu. Bi Yasuyo akachukua upawa, akakiopoa, akakitupa kwenye bakuli la povu, lile povu la kijivu linaloenguliwa nyama ikichemka.

"B hawajui kungoja," akaniambia mimi, siyo yeye. "Ni damu, maskini, siyo kosa lake."

Kisha akauengua mchuzi pale vijiti vya Sawako vilipogusa, akaumwaga kwenye povu. Akaengua tena. Mtu mzima hovyo!

Sawako akamgeukia mchumba wake. "Kiyotaka."

"Mm?"

"Figili tamu?"

"Tamu," akasema, akaipuliza.

Bi Yasuyo akaona njia nyeupe. "Marehemu baba yake Kiyotaka alikuwa A. Mimi A. Mtoto A. Nyumba hii haijapotea kijiko. Halafu mtu anajua damu yake ni hiyo, na bado anakubali kuposwa! Sijui huko kwao baba alifunza nini."

Nikaweka vijiti chini. "Mama, baba yetu hajatimiza mwaka tangu tumzike."

"Sijamtaja marehemu kwa ubaya, dada. Nasema damu."

Sote wawili tukamtazama Kiyotaka. Mdomo wake ukafunguka. Nikashukuru Mungu. Likaingia yai la kware.

Wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Huyu kafunzwa na mamaye mpaka akaoza.

"Haya, binti," Bi Yasuyo akasema, "angalau tupakulie wali."

Sawako akainuka. "Bakuli la Kiyotaka ni lipi?"

"La buluu. Na vijiti hivyo vya buluu. Ni vyake tangu shule ya msingi," mama akajibu kwa fahari.

Sawako akapakua. Akajaza, akaongeza, akaushindilia kwa mwiko na kuulainisha kwa utulivu uleule wa karakana, mpaka ukafanya kilima. Akauweka mbele ya Kiyotaka kwa mikono miwili. Akavichukua vile vijiti vya buluu, akavisimamisha wima katikati. Akaunganisha viganja, akainama.

"Mkosi!" Bi Yasuyo akapiga ukelele. "Mkosi nyumbani kwangu! Unamtakia mwanangu kifo?"

"Simtakii, mama," Sawako akasema. "Nimemkuta tayari."

Tukatoka hadi mlangoni. Nyuma yetu Bi Yasuyo alikuwa akifungua na kufunga makabati, akitafuta chumvi ya kumwaga nyuma yetu atakase nyumba. Mimi nilivaa viatu upesi. Sawako hakuharakisha. Alichuchumaa juu ya kamba za viatu vyake, akaifunga moja, akaifungua, akaifunga upya. Nilijua anampa Kiyotaka nafasi ya mwisho, na nilitamani kumvuta mkono. Ndani kiti kikasogea.

Hatimaye tukaisikia sauti ya Kiyotaka, ya upole kama siku zote.

"Mama, sasa huu wali, niule au nisiule?"

Sawako akafunga kamba ya kiatu cha pili, akafungua mlango.