Mtu Asipolala na Bibi Yake

Kundi letu la wasomaji kwenye simu lina sheria moja ambayo nimeichukia tangu siku ya kwanza: kitabu chako kikiwekwa mezani, wewe mwandishi unafunga kinywa. Unasoma kila wanachoandika juu yako, na huruhusiwi kujibu hadi msimamizi akupe nafasi jioni. Ukijibu kabla, unatolewa. Sheria hiyo ilitungwa baada ya mshairi mmoja kuwatukana wasomaji wote, pamoja na yule aliyemsifu, eti alimsifu vibaya.

Sisi ni waandishi tusio na wachapishaji. Tunaandika, tunasahihishana, tunatengeneza faili, tunaitupa kundini. Wengine wako Dar es Salaam, wengine Kenya, na sisi wa Bukavu, Congo, ndio wengi na ndio wenye kelele. Desturi yetu ni nisome nikusome: huwezi kukaa tu unapokea maoni ya watu bila kugusa vya wenzako. Mwenye uwezo kidogo anapeleka faili yake kwa watu wa fotokopi, wanamtolea nakala chache, anaziuza mlangoni mwa kanisa baada ya misa. Mimi ni sekretere katika ofisi moja hapa Muhumba, na mashine ya ofisi imenisaidia kuliko mkubwa wangu anavyojua.

Kitabu changu kilikuwa cha hadithi fupi. Ile ya mwisho niliiandika kwa ajili ya papa, baba yangu mzazi.

Papa ni mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu. Anaishi Nyantende, analima maharagwe na migomba, na Jumapili husoma somo la kwanza kanisani kwa sauti ambayo hata watoto wachanga huinyamazia. Mama alipougua ule ugonjwa wake mrefu, papa ndiye aliyemlisha uji na kumwogesha, na usiku wa mwisho alilala kando yake hadi akakata roho. Ndivyo alivyotusimulia kwenye kilio, mbele ya ndugu wote, na wanawake wa parokia wakatikisa vichwa na kusema mume ni huyu. Nami niliandika vilevile. Sikutaja jina wala umri. Niliandika tu mwanamume na bibi yake, mwanamke mwenye mvi aliyekwisha mwili, na jinsi alivyomvua nguo na kumwogesha kwa maji ya uvuguvugu. Kisha ikaja sentensi ya mwisho, niliyoipenda kuliko zote: "Usiku ule akalala na bibi yake, na asubuhi akaamka peke yake."

Kabla ya kuituma nilimwomba papa ruhusa. Alikuwa anapepeta maharagwe. "Andika, mutoto wangu," akasema, na hakuinua macho. Nikamwingiza kundini, asome mwenyewe watu watakavyomsifu bila kumjua. Woga wangu ulikuwa mmoja tu, kwamba papa asije akajuta kunipa kifo cha mama nikifanye kitabu.

Siku ya kitabu changu ilikuwa Jumapili. Wa kwanza kusema alikuwa mwandishi wa Dar es Salaam, bwana mmoja ambaye maoni yake tunayangoja kama matokeo ya mtihani wa taifa.

"Hadithi nyingine ni nzuri," aliandika. "Lakini hii ya mwisho, samahani, imenitia kinyaa. Mwanamume mzima anamvua nguo bibi yake, anamwogesha, kisha analala naye, tena mgonjwa wa kufa! Na mwandishi anataka tumwonee huruma. Fasihi gani hii?"

Damu ilinipanda kichwani. Kinyaa! Kwa papa yangu! Niliandika jibu lenye maneno ambayo sekretere wa ofisi yenye heshima hapaswi kuyajua, nikalifuta, nikaliandika tena, nikalifuta. Nikaiweka simu chini ya mto, kisha nikaitoa.

Wenzangu wa Bukavu hawakuwa na sheria ya kuwafunga. Mama mmoja mwenye duka la dawa, ambaye hajawahi kupita kando ya ugomvi bila kuingia, aliandika: "Sasa mutu asipolala na bibi yake, alale na bibi ya nani?"

Kisha yule bwana akauliza: "Kwa hiyo huko kwenu ni jambo la kawaida?"

"Kawaida kabisa, kaka. Tena padri mwenyewe njo anabarikiaka."

Hapo moto ukawaka. Mwingine wa Dar akauliza kama serikali yetu haina sheria za mambo haya. Mwingine akaandika tu, "Mungu wangu." Wa kwetu wakajibu kwamba wao ndio wasio na Mungu, wanaume wa kuwakimbia bibi zao wakishaugua. Nakiri kwamba hata mimi mwenyewe sikuelewa. Niliamini kabisa kwamba huko kwao mke akilala kitandani wiki nzima, mume anahama nyumba.

Kilichonitesa zaidi kilikuwa papa. Namba yake ilionyesha kwamba yuko pale, anasoma. Kila nilipoitazama, ilikuwa hewani. Wanamwita mchafu, naye anasoma. Nikampigia. Simu iliita hadi ikachoka. Nikapiga tena, ikawa vilevile, na mara nikamwona amerudi kundini anaendelea kusoma.

Aliyetuokoa ni mwalimu mmoja wa kike wa Nakuru. "Jamani, taratibu," aliandika. "Ninyi wa Dar, bibi kwenu ni mama wa mama yako. Kwa hawa wa Congo, bibi ni mke. Huyu mwanaume anamwogesha mke wake!"

Kicheko kilianza, kikapanda kutoka kila upande, jumbe za sauti za watu wanaocheka hadi wanakohoa. Yule bwana wa Dar, nampa haki yake, aliomba radhi kiungwana. "Nimesoma hadithi yote nikimwona mjukuu," aliandika. Akaahidi kuisoma upya, na aliporudi alikuwa mtu mwingine. Alisema amelia. Alisema sentensi ile ya mwisho angetamani kuiandika yeye. Alinisihi tu nibadilishe bibi niweke mke, ili kitabu kiweze kuvuka mipaka bila kuleta vita. Mwalimu wa Nakuru akaongeza: "Huyo mume bado yupo duniani? Wanaume wote wa kundi hili wasome wajifunze."

Nilishusha pumzi. Nilikuwa hata nimeanza kutabasamu. Chini ya maneno hayo ukatokea mstari mdogo wa kijivu: papa amejitoa kundini.

Nilichukua moto-taksi bila kupatana bei. Njia ya Nyantende ilikuwa matope matupu, na njia nzima nilikuwa namtukana yule bwana wa Dar, radhi zake na machozi yake. Amemchafua mzee wa watu kwanza, ndipo akakumbuka kuuliza maana ya neno! Nilijitukana na mimi pia. Nani alinituma kumwingiza baba yangu katika soko la watu wasiomjua?

Papa alikuwa ameketi mlangoni, miwani usoni, simu juu ya goti. Alinipokea kwa mkono, akanisogezea kiti.

"Papa, unisamehe," nikasema. "Bale batu ba Dar hawakuelewa. Kwao bibi ni koko, mama ya mama. Bameshaomba pardon."

"Nilisoma."

"Sasa juu ya nini umetoka?"

Aliitazama simu. "Wakati banatukana, sikutoka."

Ilikuwa kweli. Nilitoa simu yangu, nikapandisha juu mazungumzo. Alikaa kundini wakati wa kinyaa chote. Alikaa wakati wa "Mungu wangu" na sheria za serikali. Alitoka pale tu mwalimu wa Nakuru alipomsifu.

"Ile sentensi yako," akasema.

"Nitatosha bibi, nitaweka mke pahali yake. Ni neno tu, papa."

"Haiko neno bibi. Ni kulala."

Nilimtazama bila kuelewa. Aliongea polepole, uso kwenye migomba.

"Sikulala na yeye. Ile usiku alikuwa anapumua mubaya sana, nikaogopa. Nikatoka, nikaenda kulala ku salon, juu ya viti. Nilikuwa namusikia ananiita. Asubui niliingia, alikuwa amekwisha kuwa baridi." Akavua miwani. "Ku kilio batu baliniuliza. Nikasema nililala na yeye. Kisha na weye ukaandika."

Nilimkasirikia. Nasema kama ilivyokuwa, sikuona huruma kwanza, niliona hasira. Mama aliita, na mlango ulikuwa mmoja tu kati yao. Na mimi nilikuwa nimekesha nikiipanga sentensi ile, neno baada ya neno, nikiona fahari kwamba nimemzaa baba yangu upya. Nilitaka kumwuliza alimwita mara ngapi, alimwita kwa jina gani. Nilimtazama mikono, ile ile iliyomwogesha mama miezi yote ile bila kulalamika, na sikuuliza.

Simu ikatetemeka. Msimamizi alikuwa amenipa nafasi: "Mwandishi, kinywa kimefunguliwa. Unabadilisha ao unaacha?"

"Banasema nini?" papa akauliza.

Nilimsomea. Nikamweleza kwamba faili ni yangu, hakuna mchapishaji wa kuombwa ruhusa, na kabla ya giza kuingia naweza kutuma nyingine. "Naweza kuandika vile ilikuwa," nikasema. "Salon, na yote. Bakisoma, basome kweli."

Mwanamke mmoja alipita na mzigo wa kuni, akasalimia, papa akamjibu vizuri na kumwuliza habari za watoto. Alipopita, papa akanigeukia.

"Hapana," akasema. "Uache vile. Mu kitabu angalau, nilale na yeye."

Niliandika kundini kwamba kitabu changu kinabaki kama kilivyo, sibadilishi hata neno moja. Watu wa Bukavu walishangilia sana, wakidhani natetea Kiswahili chetu.