Njagi Alivyopanda kwa Wakwe Kinyumenyume

Jirani yangu Njagi hufuga nyuki karibu na Siakago, kwenye joto na miiba, na hajui kudanganya hata kwa ajili ya adabu. Ukimpikia chai mbaya atakuambia ni mbaya, kisha ataimaliza yote. Ndiyo maana iliniuma kusikia kwamba kule Nkubu, wakwe zake watarajiwa walikuwa wakimwita mwongo.

Kisa kilikuwa gari lake. Alilinunua likiwa limepita kwa watu wawili, dogo, jeupe, otomatiki. Tangu mwanzo lilikuwa na ugonjwa mmoja: likipanda mlima mrefu na kupata joto, gia za mbele zinapotea. Injini inanguruma, gari limesimama. Ukiliacha lipoe, linaondoka kama halijawahi kuugua. Mafundi wa Embu walibadilisha oili, wakabadilisha giaboksi nzima, ugonjwa ukarudi. Na kila alipolifikisha gereji, lilikwenda vizuri kabisa.

"Mbele ya fundi ina adabu kuliko mtoto wa pasta," alikuwa akilalamika.

Mchumba wake, Kinya, ni mwalimu wa chekechea huko Kaaga, lakini kwao ni milimani, juu ya Nkubu. Siku ya kwanza tulipopeleka mahari, gari lilikataa kila mlima. Jua lilizama tukiwa bado Chuka, tukarudi nyumbani kwa aibu. Kule juu walikuwa wamechinja. Baba yake Kinya alishafariki, na mwenye kauli ni baba yake mdogo, Mzee Mwongera, ambaye alisema kwenye simu:

"Gari gani hiyo inaharibika siku ya mahari tu? Kama hamtaki msichana wetu, semeni."

Alikubali kutupokea mara moja tena. Ya tatu, alisema, haitakuwapo.

Nilimshauri Njagi akodi gari jingine.

"Mwalimu," akanijibu, "nikienda na gari ya kukodi, si nitakuwa nimekubali kwamba ile yangu ilikuwa hadithi?"

Mtu mkweli ana kiburi chake, na huwa kinamgharimu.

Basi tukaondoka alfajiri, Njagi kwenye usukani, shangazi yake Lorna kando yake, nami nyuma nikiubana mtungi wa asali ya mahari kwa magoti. Tulilipumzisha gari lile kila baada ya mlima, kama mgonjwa anayepelekwa kliniki. Bonde la Nithi tulilipanda tumeshika pumzi. Igoji tukapita. Tulipoingia Nkubu, Njagi akaanza kuimba. Tukaiacha lami, tukashika barabara ya udongo katikati ya migomba na majani chai, na lango la kina Kinya likaonekana kule juu, limepambwa kwa maua.

Hapo injini ikanguruma, na gari likaanza kuteleza kurudi chini.

"Imekataa?" akauliza Shangazi Lorna.

"Imekataa."

"Hata rivasi?"

Njagi akamtazama kama mtu aliyeamshwa. Akaliacha gari lishuke polepole hadi penye nafasi, akatumia mteremko kuligeuza mkia uelekee mlimani, akaweka gia ya nyuma. Likashika! Likapanda kwa nguvu ambayo sijawahi kuiona likienda mbele. Nilitoa kichwa dirishani nikawa macho ya Njagi: "Kushoto! Kushoto zaidi! Mtaro! Sasa nyoosha!" Wachuma chai wakaacha vikapu wakapiga mbinja. Watoto wakatukimbilia. Shangazi Lorna alikuwa akicheka huku akilia, kilemba kimemwangukia usoni, na mimi, ambaye kwa kawaida safari hunitia majonzi, nilikuwa nikipiga kelele kama msichana.

Tukafika kwenye uwanja tambarare mbele ya lango. Lilikuwa limefungwa, na wanawake wamejipanga kutuzuia kwa nyimbo, kama inavyotakiwa.

"Ni wakwe gani hawa wanaotanguliza makalio?" mmoja akapaza sauti, na wenzake wakaangua kicheko.

Mzee Mwongera akatoka akiegemea fimbo, hakucheka. Akalizunguka gari.

"Hii gari imeangalia Embu," akasema. "Mnakuja ama mnaenda?"

"Mzee," Shangazi Lorna akajibu, "kwenda haiwezi. Gia za mbele zimekufa. Hata ukitufukuza, haina njia ya kuondoka. Inajua kuja kwenu tu."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mzee akainua mkono wakanyamaza.

"Basi nitaona. Wamalize wimbo wao, kisha nitapanda ndani, na huyu kijana aiendeshe mbele. Ikienda, mmenidanganya mara mbili, na asali yenu mrudi nayo."

Wimbo ule ulikuwa mrefu. Kila ubeti ulipoanza upya, nilisikia injini ikipoa, ikitoa vile vimlio vyake vidogo vya bati, na nikaona jasho likimtiririka Njagi. Aliyekuwa ameliombea gari lile lipone sasa alikuwa akiomba liendelee kuumwa. Kinya alisimama nyuma ya lango, vidole vyake vimeshika maua.

Mzee akaingia, akafunga mlango. "Haya."

Njagi angeweza kukanyaga kidogo tu, kwa ujanja. Nilimtazama mguu. Alikanyaga kwa nguvu zote, kama mtu mkweli.

Gari likasogea. Shangazi Lorna akafunga macho. Likasogea tena, kiasi cha urefu wa jembe, kisha injini ikalia kwa sauti ya kutisha na magurudumu yakatulia tuli. Njagi akakanyaga tena. Tuli. Moshi ukatanda, kuku wakatawanyika, na gari halikwenda popote.

Mzee akashuka akikohoa. Akajifuta macho, na ikachukua muda kabla hatujagundua kwamba alikuwa anacheka.

"Hii ni mgonjwa kweli," akawaambia watu wake. "Huyu mtu hakutudanganya. Fungueni."

Lango likafunguka kwa kishindo cha nyimbo. Vijana wakaja kulisukuma gari ndani, lakini mzee akamwita Kinya kwanza.

"Umeiona? Hiyo ndiyo itakubeba. Unaitaka?"

Kinya akavua viatu vyake vya kisigino, akampa dada yake, akaweka mikono yote miwili kwenye boneti.

"Baba mdogo," akasema, "wewe tuhesabie moja, mbili, tatu. Tutasukuma."