Saa ya Sista

Kompyuta ya zahanati moja ya Mukuru kwa Reuben iliishi dakika ishirini mbele ya nchi nzima. Ilikuwa hivyo kwa makusudi, na waliotegemea hali hiyo walikuwa wengi kuliko wagonjwa.

Mimi sikujua. Nilikuwa nikiishi mtaa wa Fedha, na kazi niliyokuwa nimepewa ni kuunganisha zahanati tatu ndogo na maabara moja iliyoko Komarock. Kila mahali palikuwa na kompyuta yake na programu yake, na hakuna programu iliyojua nyingine iko wapi. Nikatengeneza sajili. Ni kompyuta moja iliyokaa kwangu Fedha, ambako kila huduma inajiandikisha na kusema inafanya kazi gani na inapatikana wapi. Zahanati ikitaka majibu ya maabara inaiuliza sajili, nayo sajili inaielekeza. Lakini haimwelekezi mtu isiyemjua. Kwanza inatoa tokeni, yaani kibali kifupi kinachothibitisha kwamba anayeuliza ni yule anayesema ndiye. Kibali hicho nilikipa uhai wa dakika kumi na tano. Kikiisha, programu inaomba kingine yenyewe, na hakuna binadamu anayesumbuliwa.

Zahanati mbili ziliunganika siku ileile. Ya Reuben ilileta ujumbe mmoja, ikaurudia asubuhi yote: tokeni imeisha muda.

Nilimpigia simu muuguzi msimamizi, mama mtu mzima kutoka magharibi mwa nchi ambaye kila mtu pale humwita sista.

“Sista, huko kwako tokeni imeisha.”

“Imeisha vipi na taa zinawaka?”

“Si ya stima. Ni ya kompyuta.”

“Kompyuta nayo siku hizi inanunuliwa yake?”

Nikasema nakuja.

Nilimkuta mezani. Kwenye benchi lililoegemea ukuta alikaa mama mjamzito aliyevaa koti la kazini, jeupe, lenye harufu ya biskuti. Alikuwa kibarua wa kiwanda kimoja cha Industrial Area, kwenye meza za kupakia.

“Injinia,” sista akasema, “huyu mama anakungoja.”

“Ananingoja mimi?”

“Yeye anangoja majibu ya damu. Majibu yanakungoja wewe. Piga hesabu mwenyewe.”

Damu ya mama huyo ilikuwa imechukuliwa pale na kupelekwa Komarock kwa kipimo ambacho zahanati haikuwa na mashine yake. Uzazi wake wa kwanza ulikuwa umemtoa damu nyingi. Majibu yakiwa mazuri, angejifungulia pale pale kwa sista, hatua chache kutoka nyumbani. Yakiwa mabaya, ingebidi aende hospitali kubwa na kuanza kuonwa huko mapema. Tumbo lilikuwa limeshuka. Sista hakutaka kubahatisha.

Nikauliza kwa nini maabara wasimsomee majibu kwa simu. Walikuwa wakisoma kwa simu, akasema, mpaka siku moja majibu ya akina mama wawili yakabadilishana. Tangu hapo hapokei jibu lisilo na maandishi. Nikauliza kuhusu karatasi. Karatasi maabara walikuwa wameacha kuchapisha, kwa sababu waliambiwa kuna mfumo mpya unaokuja. Mfumo mpya ulikuwa mimi.

Nikaketi kwenye kompyuta. Nilifuta ufunguo wa siri wa zahanati nikatengeneza mwingine. Tokeni imeisha muda. Nilikagua anwani ya sajili herufi kwa herufi. Tokeni imeisha muda. Niliondoa programu nzima nikaiweka upya, sista akitazama kama mtu anayetazama fundi akibomoa ukuta ili kutafuta bomba. Tokeni imeisha muda.

Nikampigia kijana wa maabara, nikaweka sauti juu ili wote wasikie.

“Niaje, boss. Kwangu ni poa kabisa. Komarock hatuna shida. Shida iko huko Mukuru.”

“Mukuru wapi?” sista akamjibu kutoka mezani. “Damu si nyinyi mnayo?”

“Sista, damu ni yenu, sisi tunashika tu.”

Kisha kijana akaniuliza mimi, “Unaipa hiyo tokeni muda gani?”

“Dakika kumi na tano.”

“Basi inaisha aje kabla haijaanza?”

Mama wa biskuti akasogea mbele kidogo kwenye benchi.

“Kama maziwa ya pale dukani kwetu,” akasema. “Unanunua leo, imeandikwa jana.”

Nilipoishiwa na vitu vya kubadilisha nilianza kusoma kumbukumbu ambazo kompyuta huandika za kila ombi na saa yake, jambo ambalo lingefaa kuwa la kwanza. Upande mmoja niliweka kumbukumbu za kompyuta ya Reuben, upande wa pili, kwenye simu yangu, za sajili. Nikachagua ombi moja nikalifuata. Lilikuwa limefika Fedha dakika ishirini kabla ya kutumwa kutoka Reuben. Nimefanya kazi na intaneti ya mitaa yetu ya Eastlands vya kutosha kujua kwamba haina mwendo huo.

Nikainua macho kwenye saa ya ukutani ili niipime kompyuta. Zilikubaliana. Nikatazama simu yangu. Simu ilibaki peke yake.

“Sista, saa ya kompyuta iko mbele.”

“Najua.”

“Na ya ukutani pia.”

“Najua. Nilizisogeza mimi.”

Wafanyakazi wake walikuwa wakichelewa, akaeleza, naye hapendi kelele. Akasogeza saa, wakaanza kufika mapema, na hakuna aliyegombezwa. Hakuwa amevumbua kitu. “Kwetu kanisani saa ikiwa sawa, mchungaji anahubiria viti.”

Basi ndivyo ilivyokuwa. Tokeni ilitoka Fedha ikiwa na dakika kumi na tano za kuishi. Ilipofika Reuben, kompyuta iliangalia saa ya sista, ikaona kibali kimepita muda, ikakitupa na kuomba kingine. Sajili haikukosea. Kompyuta haikukosea. Nilieleza hivyo kwa sauti, nikasema nitairudisha saa mahali pake na majibu yataingia mara moja.

“Usiguse hiyo saa,” akasema mama wa biskuti.

Tukamgeukia sote.

Meza ya kompyuta iko dirishani, na skrini inatazama njia inayoelekea viwandani. Alfajiri, kabla zahanati haijafunguliwa, vibarua wanapita hapo na kuchungulia. Kwenye lango la kiwanda, msimamizi anachagua waliofika kwanza, kisha lango linafungwa. Simu wengi hawabebi, kwa sababu zinakabidhiwa langoni na si zote zinazorudi. Wanatazama saa ya sista, wanatoa ishirini, wanajua wako wapi.

“Si ni sawa tu?” nikasema. “Ikiwa ya ukweli hamtatoa kitu.”

“Mimi natoa ishirini kichwani,” akasema. “Lakini miguu haijui kutoa. Miguu ikiona saa imeenda, inakimbia. Na hali hii yangu, nisipofika wa kwanza nani atanichagua?”

“Mama,” sista akasema, “unataka majibu ama unataka saa?”

“Nataka vyote, sista.”

Kisha sista akaniashiria kwa kidevu, nikairekebisha kompyuta. Ya ukutani aliniambia niiache. Hiyo ilikuwa ya wafanyakazi, na haionekani dirishani. Akachukua kalamu nene, akaandika kwenye karatasi na kuibandika kwenye kioo, upande wa njia: SAA HII SASA NI YA UKWELI.

Tokeni ilikubaliwa kabla hajamaliza kubandika. Majibu yakaingia. Aliyasoma akiwa amesimama, akayasoma tena, kisha akavuta kiti akaketi mbele ya yule mama. Mtoto huyu hawezi kuzaliwa hapa, alimwambia. Aende hospitali kubwa, na aanze wiki hiyo hiyo. Akamwandikia barua ya rufaa.

“Sawa,” mama akasema. “Angalau nimejua.” Akaikunja barua, akaitia katika mfuko wa koti. “Nikimaliza wiki.”

“Usimalize wiki.”

“Nimesikia, sista.”

Kesho yake sista alinipigia. Kulikuwa na kibarua mmoja dirishani na alitaka nimsikie.

“Sista, umetuuza!” mtu huyo alikuwa akisema. “Nimetoa ishirini kama kawa, nimepata gate imefungwa!”

“Si niliandika karatasi?”

“Imeandikwa ni ya ukweli! Sasa hiyo nani ataamini, sista?”

Wiki ikapita. Jumatatu iliyofuata niliona kwenye sajili kwamba Reuben ilikuwa inaomba tokeni mpya karibu kila dakika, bila kuchoka, na kila mara inapata. Hakukuwa na ujumbe wa kosa. Nilikwenda kuangalia. Saa ya kompyuta ilikuwa mbele dakika kumi na nne, kwa hiyo kila tokeni ilibakiwa na dakika moja ya kuishi. Ile karatasi haikuwepo.

“Nani amegusa?” nikauliza.

“Sijui,” akasema sista. “Inafanya kazi?”

“Inafanya.”

“Majibu yanaingia?”

“Yanaingia.”

“Basi.”

Mbali na mimi, waliosikia kwamba tokeni inaishi dakika kumi na tano walikuwa watu watatu, na mmoja wao yuko Komarock. Sikuuliza zaidi, na saa sikuigusa. Nilimuuliza tu kama yule mama alikwenda hospitali.

Sista alisema mara ya mwisho kumwona ilikuwa Ijumaa alfajiri, alipowahi kufungua. Mama alipita dirishani akiwa na koti lake, akachungulia skrini, akaongeza mwendo. Alikuwa anaelekea upande wa viwanda. Simu yake haipatikani. Hospitali kubwa ingeweza kutuambia kama alifika, lakini haimo kwenye sajili.