Swali Nililomuuliza Shahidi wa Tatu

Kesi yangu ya wizi wa injini ya mtumbwi ilisikilizwa Muleba, na sikuwa na wakili. Mimi ni mzaliwa wa Izigo, fundi wa injini kwenye kisiwa kimoja huko ziwani. Aliyenishtaki alikuwa tajiri wa dagaa niliyewahi kufanya kazi kambini kwake kabla sijafungua karakana yangu. Injini yake ilipotea, akanitaja mimi.

Yeye ndiye aliyekuwa shahidi wa kwanza. Alipomaliza, hakimu, mama mwenye sauti ya taratibu, aliniuliza kama nina swali. Nikasimama.

"Huyu ni mwongo," nikasema.

"Hayo ni maelezo. Zamu yako ya kujitetea itafika. Sasa hivi una haki ya kumhoji shahidi. Uliza."

Nikakosa la kuuliza, nikakaa. Kwa shahidi wa pili ikawa vilevile.

Nilikuwa nje kwa dhamana, nikiishi Kashai, mjini Bukoba, kwa shangazi yangu, mwalimu mstaafu aliyenidhamini. Nilipomsimulia, alisogeza pembeni sahani ya ebitoke, ndizi za kupika, na kuchukua daftari.

"Wewe unabishana," alisema. "Jifunze kuuliza."

Wiki mbili zilizofuata yeye aliigiza kuwa shahidi. Alikaa kwenye kiti cha uani, mikono mapajani, akakana kila kitu, na mimi nikawa nageuza kila ninachokijua kuwa swali fupi. Bodaboda wa kijiweni walisogea kwenye uzio kutusikiliza. Siku nilipomkwamisha kwa maswali manne mfululizo walinipigia honi, na nilicheka kama mtu asiye na kesi.

Alibaki shahidi wa tatu, aliyewaambia polisi kwamba aliniona kwa macho yake nikiiba. Alikuwa mvuvi kutoka Uganda, tuliyekula naye sufuria moja miaka miwili. Kambini wote tulijua hana kibali cha kuishi nchini, na kwamba tajiri alikuwa akimtishia kwa jambo hilo.

"Na hilo niliulize?" nilimuuliza shangazi.

"Unataka aaibike, au unataka mahakama ijue anamwogopa nani?"

"Ijue anamwogopa nani."

"Basi uliza hivyo, mwanangu. Na usimtazame kama adui."

Siku ilipofika, shahidi aliapa, akasema aliniona alfajiri nikibeba injini kuelekea mwaloni, inakoegeshwa mitumbwi. Alisema yote akiangalia sakafu. Nilipoambiwa niulize, nilisimama bila woga. Nilikuwa na hamu ya kuanza.

"Unakaa wapi pale kisiwani?"

"Kambini kwa tajiri."

"Una kibali cha kuishi nchini?"

Mwendesha mashtaka alikuwa ameshasimama. "Napinga, Mheshimiwa. Hii ni kesi ya wizi. Kibali cha shahidi hakihusiani nayo."

Hakimu alinigeukia. "Mshtakiwa, swali lako linahusiana vipi na kesi?"

"Mheshimiwa, sitaki afukuzwe. Naamini yupo mtu anayemtisha kwa sababu hana kibali, na ndiyo maana anasema aliniona."

Hakimu aliyaandika hayo.

"Nitaruhusu," alisema, "kwa sababu mahakama inapaswa kujua kama shahidi ana sababu ya kusema uongo. Lakini ukimdhihaki kwa alikotoka, nitakuzuia."

Nikamgeukia rafiki yangu. "Una kibali?"

"Sina."

"Nani anajua?"

"Tajiri."

"Alikuambia nini kuhusu kesi hii?"

Kwa mara ya kwanza aliinua macho. "Aliniambia niseme nimekuona. Nikikataa, atanipeleka Uhamiaji."

"Uliniona?"

"Hapana, fundi. Sikukuona."

Nyuma watu walinong'ona mpaka karani akawanyamazisha. Nilikuwa nimebaki na maswali sita kwenye daftari. Nikasema sina swali zaidi, nikalifunga.

Niliachiwa huru baada ya hukumu. Nani alichukua injini, mpaka leo sijui. Lakini rafiki yangu alikuwa ametamka hadharani kwamba hana kibali, na kwa sababu yangu. Nilipomwomba radhi nje ya mahakama alitikisa kichwa.

"Afadhali niende mwenyewe kuliko kutishwa kila siku," alisema.

Shangazi alivaa gauni lake la kanisani, tukafuatana na rafiki yangu mpaka ofisi ya Uhamiaji, Bukoba. Aliagizwa arudi kwao akafuate utaratibu kama anataka kuja tena. Nilimsindikiza mpaka Mutukula, mpakani. Tulikula chapati tumesimama, akaning'ang'ania mkono kwa muda, kisha akavuka na begi lake moja. Siku mbili baadaye alinipigia simu kunieleza amefika kwa mama yake, na nyuma yake nikasikia watoto wakigombea kuongea na fundi.