Choroko za Kupoza Mdomo

Wiki ya harusi ya binti wa marehemu dada yangu, mdomo wangu ulijaa vidonda. Ulimi, ufizi, ndani ya mashavu, kote. Uji wenyewe nilikuwa naunywa kwa machozi, na Jumamosi nilitakiwa nisimame ukumbini Louisville nimwimbie bibi harusi wimbo wa kumuaga.

Katika ukoo wetu anayeaga ni mama mzazi. Dada alitufia katika kambi ya wakimbizi Tanzania, mtoto hata shule hajaanza, nikamlea mimi. Wimbo ule dada aliutunga mwenyewe akimbembeleza, na nilijua nimebaki mimi peke yangu ninayeujua. Sikuwahi kumwimbia mtoto. Nilikuwa nimemwekea siku hii. Nisipouimba, mama yake asingekuwepo kabisa harusini. Hilo liliniuma kuliko vidonda.

Kazini, hapa Buffalo, nasimama kwenye mkanda wa biskuti na mama mmoja wa Kichina, mtu mzima, mfupi, mkali kunizidi. Tunaelewana kwa Kiingereza cha kuokoteza. Aliponiona nashindwa kula, alinifunua mdomo kama mtu anayenunua ng'ombe, akanusa maharage yangu yenye pilipili, akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba mwili wangu umejaa joto. Kwao kila chakula kina tabia yake: pilipili, tangawizi, nyama ya mbuzi na karanga za kukaanga huwasha moto ndani, ilhali matango, tikiti maji, peasi, chai ya maua na choroko huupoza. Wala si habari ya friji, maana supu ya choroko unaweza kuinywa ya vuguvugu na bado ikakupoza. Daktari alishaniambia vidonda vile huondoka vyenyewe, ila hakusema lini, kwa hiyo nilimsikiliza mwenzangu.

Choroko! Choroko nazijua mimi, nani wa kunifundisha? Jioni ile nilipita duka la barabara ya Bailey, nikanunua mfuko mzima, nikazipika kama mwanamke aliyefundwa akafundika. Nilikaanga vitunguu mpaka vikawa vyekundu, nikatia nyanya, tangawizi, pilipili ya harufu tu, na mwisho karanga za kusaga. Nikala nikashiba, nikijiona mgonjwa mtiifu kabisa. Asubuhi hata maji yalinichoma.

Nilipomsimulia nilivyopika, yule mama aliweka biskuti chini. Kisha akaniuliza kama nina ugomvi na mdomo wangu. Kesho yake alikuja na chupa ya chai iliyojaa choroko zilizochemshwa kwa maji matupu na sukari kidogo, akanisimamia mpaka nikamaliza. Ladha haikuwepo, nisikudanganye. Aliendelea kuniletea kila siku bila kuombwa, na siku ya kuondoka akanijazia chupa ya safari. Nampenda yule mama, basi tu.

Njiani tulilala kwa kaka yangu anayeishi Gahanna, pale Columbus. Wifi alikuwa amenikaangia samaki na kunichomea mbuzi. Nilipotoa chupa yangu mezani, alinuna, na kaka akala mbuzi wote kwa furaha. Wifi yangu, nisamehe, lakini ningekula vyakula vyako vile, ningeimba na nini?

Mpaka tunaingia Louisville vidonda vilikuwa vimepungua sana. Kama ni choroko, au siku zake tu zilikuwa zimefika, sijui, na sitabishana na mtu. Ukumbini nilisimama nikaanza. Ubeti wa kwanza ulitoka vizuri. Kwenye wa pili nilimkumbuka dada alivyokuwa akimpakata yule mtoto, nikakwama katikati ya neno. Mdomo ulikuwa mzima na sauti haipo.

Bibi harusi akafunua shela, akanishika mkono.

"Pumzika, mama mdogo," akasema. "Naujua."

Akaimba yeye. Akamaliza ubeti wa pili taratibu, macho ameyafumba, halafu akaendelea na wa tatu. Ubeti wa tatu hata mimi sikuwa naujua.